Rangi za Maji Katika Nchi ya Chai

Atakaye kuchora mandhari ya Kericho kwa rangi za maji hana budi kuwa barazani na brashi yake mapema, kwani muda wake ni mpaka saa saba mchana, na siku ya bahati mpaka saa nane. Baada ya hapo mawingu yaliyokuwa yakikusanyika upande wa ziwa huvuka vilima, ukungu ukatambaa juu ya chai, na tone la kwanza la mvua likaanguka katikati ya mbingu aliyoihangaikia asubuhi nzima. Sisi tulioletwa huku na riziki kutoka Mombasa, mwaka wa sita sasa, tumepoteza picha nyingi kwa tone hilo moja. Nyingine tumeziokoa, na chache, tukisema kweli, zilipendeza zaidi baada ya kuguswa na mvua kuliko kabla yake.

Mmoja wetu ndiye mchoraji. Wa pili ni mbeba maji, mkata karatasi na mkosoaji asiyealikwa. Tunaandika pamoja kwa sababu kazi yenyewe imekuwa ya nyumba nzima, na kwa sababu jamaa zetu wa pwani hutuuliza kila tunaposhuka kwa Idi: huko milimani mnafanya nini jioni zote hizo, na hakuna hata bahari ya kutazama?

Tuanze na mvua, maana ndiyo bwana wa shughuli. Magharibi ya Kericho liko Ziwa Victoria. Mashariki umesimama msitu wa Mau. Jua la asubuhi huipasha moto nchi kavu upesi kuliko maji, hewa yenye unyevu ikatoka ziwani na kupanda vilima, ikakutana na pepo zitokazo mashariki, ikapoa kule juu, na mchana ikarudi chini kuwa mvua. Hayo hutokea siku nyingi za mwaka, kiasi kwamba mji huu ulioko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hupata takriban mara mbili ya mvua ya Mombasa. Wakati mwingine hushuka mvua ya mawe. Mara ya kwanza tulipoisikia juu ya mabati tulidhani ni mawe ya wahuni, na wa pili kati yetu akatoka nje na rungu. Jirani zetu wanaikumbuka habari hiyo mpaka leo, na wanaikumbusha.

Mpwani huhesabu mwaka kwa pepo: kaskazi na kusi, na baina yao matlai. Tulipofika huku tulitafuta pepo zetu tusizione, tukawa kama watu waliopotewa na kalenda. Ilituchukua muda kufahamu kwamba hapa mwaka husomwa katika jani. Januari na Februari mvua hupungua, asubuhi huwa kavu na za baridi, na kichaka cha chai hukaza jani lake likawa zito na jeusi-jeusi. Ndio msimu wa hatari pia, kwa sababu usiku wenye mbingu nyeupe huweza kuleta jalidi, ile barafu nyembamba iunguzayo majani kana kwamba yamepitiwa na moto. Jalidi ya Januari 2012 bado inatajwa huku kama watu wa pwani wanavyotaja mafuriko ya mwaka 1997. Kisha mvua za Machi na Aprili huingia, na kwa muda wa wiki chache kilima kizima hubadili nguo. Machipukizi hutoka kwa pamoja, mateke na mang'avu, rangi ya manjano iliyochovywa katika chanikiwiti. Julai na Agosti ni ukungu na baridi ya kuvaa sweta mbili. Oktoba na Novemba jani huchangamka tena.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kijani. Tulinunua Nairobi kijani cha tyubu, tukakitandaza karatasi nzima, na picha ikatoka kama mlango wa duka uliopakwa rangi mpya. Nchi yote hii ni ya kijani, na ndiyo sababu kijani cha tyubu hakifai. Lazima mtu akiumbe mwenyewe. Manjano ya ndimu na tone la buluu kwa chipukizi. Manjano ya udongo na nili kwa jani lililokomaa. Mikaratusi, ile inayopandwa ili viwanda vipate kuni za kukaushia chai, inataka kijivu ndani yake. Na msitu wa Mau, ukiutazama kwa mbali asubuhi, hauna kijani tena bali umekuwa buluu. Palipopogolewa, jambo linalofanywa kwa kila kichaka baada ya miaka kadhaa, hakuna kijani hata kidogo: ni vijiti vya kijivu na hudhurungi, kama kilima kilichonyolewa. Binti yetu mkubwa aligundua kwamba hudhurungi hiyo hupatikana kwa chai ya rangi iliyochemshwa ikakolea. Inashika vizuri katika karatasi nzito. Ina kasoro ya kufifia ikiwekwa juani, lakini tumeendelea kuitumia, kwa sababu yapo mambo machache ya haki kuliko kuichora chai kwa chai.

Rangi za maji zenyewe ni kitu sahili. Ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya mgunga, ile ile ambayo wafugaji wa Turkana na Samburu huikusanya katika miti yao. Wachoraji wa rangi za mafuta walihitaji vanishi ya kufunika picha zao, na katika karne ya kumi na tisa sandarusi ya pwani yetu ilisafirishwa kutoka Unguja mpaka Marekani kwa kazi ya vanishi. Sisi tumechagua gundi ya bara, sandarusi tumewaachia wenyewe.

Usahili huo una sharti lake. Katika rangi za maji hakuna nyeupe. Weupe ni karatasi, na mchoraji huamua tangu mwanzo ni wapi hapatapakwa kitu: ukungu ulio bondeni, bati linalong'aa, mto unaopita. Akishapaka hawezi kufuta. Hutoka kwenye rangi hafifu kwenda kwenye nzito, na kila tabaka lazima likauke kabla ya lingine. Tulipokuwa Mombasa wakati wa kaskazi, rangi ilikauka brashi isijafika mwisho wa mstari. Huku mwezi wa Julai karatasi hukaa saa nzima ingali mbichi. Tuliwahi kuharakisha kwa jiko la makaa, tukachoma pembe ya picha na nusu ya kitambaa cha meza. Tangu siku hiyo tunasubiri. Wakati wa kusubiri maharagwe hutiwa chumvi, kijana wetu mdogo husikilizwa sura yake ya hifdhi, na nguo hutolewa kambani kabla ya saa nane kufika.

Meza ni moja tu nyumbani. Ndiyo ya kula, ya kusomea, ya kukandia unga wa mahamri na ya kuchorea. Vikombe viwili hukaa juu yake, kimoja cha maji ya brashi na kimoja cha chai, na hakuna mtu mzima katika nyumba hii ambaye hajakosea. Mama yetu aliyeko Mombasa, bibi yao watoto, huletewa picha kwa basi kila mwisho wa mwezi. Huzibandika katika ukuta wa sebule, na hewa ya chumvi huzikunja pembe na kuzitia koga. Naye hulalamika kwamba ni picha nzuri lakini zimetoka katika nchi isiyojua kukauka.

Ramadhani ndiyo iliyotufunza machweo. Kericho iko magharibi ya Mombasa kwa zaidi ya digrii nne za longitudo, na kwa sababu hiyo jua hutua huku nyuma ya kule kwa dakika kumi na saba hivi. Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, jioni zingali kavu. Bibi hupiga simu akiwa amekwisha kufungua, kikombe cha uji mkononi, akauliza: "Bado tu?" Sisi tukajibu: "Bado, Mama." Kwa watoto wanaofunga dakika hizo ni ndefu kuliko mchana wote. Basi tukazigawa kwa rangi. Kila jioni karatasi moja ndogo, mbingu peke yake, na atakayeshika brashi ni yule anayelalamika zaidi kwa njaa. Tulimaliza mwezi na mbingu ishirini na nne, kwa kuwa jioni tano zilinyesha. Ziko katika bahasha moja, nyuma ya kila moja pameandikwa tarehe na jina la mlalamikaji.

Mpaka hapo msomaji ataona kwamba tumetaja vilima, majani, mbingu na ukungu, na hatujataja mtu hata mmoja ndani ya picha. Hiyo haikuwa bahati nasibu. Tumelelewa, kama wengi wa wasomaji wetu, kwa ile habari iliyopokewa kwa Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipojiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya mikono yake ya kuchora sura. Alimweleza onyo alilolisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kisha akamwelekeza: akiwa hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Wanazuoni wamelizungumza jambo hili kwa urefu, na hawakuwa na kauli moja kwa kila namna ya picha. Si letu kuhukumu. Sisi tulichukua njia iliyo salama kwetu na tukaipenda. Njia hiyo ina ukoo wake. Msikiti mkuu wa Dameski, uliojengwa na Khalifa al-Walid bin Abd al-Malik mwanzoni mwa karne ya nane, una kuta zilizopambwa kwa vijiwe vya rangi na dhahabu: mito, miti mikubwa, majumba na madaraja, na humo hamna mtu wala mnyama. Tuliwaonyesha watoto picha zake kitabuni. Kijana wetu mdogo aliuliza kama watu wa mji ule wamekwenda kuswali.

Tuliishi kwa raha na mandhari zetu tupu mpaka asubuhi moja ya Aprili, mwaka wa tatu wa kukaa kwetu. Picha ilikuwa inakauka barazani, na tuliona fahari nayo: kilima kilichoko ng'ambo ya barabara, machipukizi mapya, ukungu umeachwa mweupe bondeni. Jirani yetu alikuwa akipita kwenda kazini. Ni mama wa Kikipsigis wa umri wa makamo, aliyechuma chai zaidi ya miaka ishirini, na ndiye aliyetufundisha kusema chamgei asubuhi na kongoi tukipewa kitu. Aliweka kikapu chini akaitazama picha kwa utulivu. Kisha akasema:

"Ni nzuri, Mama. Lakini hii chai imejichuma yenyewe?"

Tulicheka, naye akacheka, akaenda zake. Usiku hatukucheka. Kilima kile tulikuwa tukikitazama kila siku, na hapajapita siku ya kazi tusiowaona watu ndani yake, wamezama mpaka kiunoni, aproni za plastiki zikiwalinda na umande, mikono ikienda mbele ya macho. Mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi, huyatupa nyuma kikapuni bila kugeuka, na kila kichaka hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Kilima kile kina umbo lile la meza kwa sababu ya mikono hiyo. Kichaka cha chai kikiachwa kinakuwa mti. Kila tulichokiita mandhari ilikuwa kazi ya mtu, na sisi tulikuwa tumemwondoa mtu tukabaki na kazi yake kana kwamba imeota.

Na hawa si watu wa kwanza kuondolewa katika nchi hii. Chai iliingia Kenya mwaka 1903, ikapandwa Limuru. Huku Kericho mashamba makubwa ya kampuni za Kiingereza yalianza katika miaka ya 1920, juu ya ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa dini na wa upinzani, ikawapeleka mamia ya watu Gwassi, kando ya ziwa, katika nchi ya joto, mbung'o na mbu. Madai yao ya ardhi na fidia hayajamalizika. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa waliyaeleza hadharani. Jirani yetu hakuyasema hayo. Aliuliza swali la mchumaji. Lakini mtu akikaa huku miaka kadhaa huyasikia, msibani na sokoni, na akishayasikia kilima kitupu kinaanza kumtazama vibaya.

Mwaka huo huo tuliwapeleka watoto Nairobi, na katika jumba la makumbusho wakaona picha za Joy Adamson. Wengi humjua kwa habari za simba. Kabla ya simba alikuwa mchoraji wa rangi za maji. Alifika Kenya mwaka 1937 akitokea Austria, akaanza na maua ya porini, na kuanzia mwaka 1949 serikali ikamwagiza awachore watu wa makabila ya nchi hii kwa mavazi yao ya kale. Alichora mamia, wapwani wakiwemo, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake cha picha hizo. Tulisimama mbele yao kwa muda. Ushanga umechorwa punje kwa punje, ngozi imepata mwanga wake. Jambo lililotushangaza ni lingine: katika nyingi ya zile tulizoziona, mtu amesimama juu ya karatasi nyeupe. Hana kilima nyuma yake, wala nyumba, wala ng'ombe. Yeye alikuwa na watu wasio na nchi, na sisi tulikuwa na nchi isiyo na watu. Binti yetu alisema labda tungebandikana.

Tulirudi Kericho tukamwendea mwalimu wa madrasa wa watoto wetu, mzee mpole asiyependa kutoa hukumu kwa haraka. Tulimweleza habari yote, pamoja na swali la jirani. Tukamwuliza kama nukta ya rangi, mtu aliye mbali asiye na uso wala macho, naye ana hukumu ya sura. Alisema wapo waliolegeza katika hilo na wapo waliokaza, na kwamba sisi wenyewe tumekuja tukiwa na shaka, na mwenye shaka aliache linalomtia shaka. Tukainuka. Tulipofika mlangoni akatuita.

"Lakini kazi ya mtu haina roho," akasema. "Hiyo ichoreni."

Kusema ni rahisi. Tulianza na vitu: kikapu kilichoegemezwa ukutani, mizani ya kuning'iniza, banda la kupimia majani lililoko njia panda. Picha zikawa kama orodha ya vyombo vya ghala. Kisha tukajaribu njia za miguu, vile vichochoro vyembamba baina ya safu, vilivyokanyagwa mpaka udongo mwekundu ukatokeza. Hizo zilikuwa bora. Tukashuka siku za Jumamosi kwa njia ya Litein na Sotik mpaka Bomet, ambako chai ni ya wenyewe: ekari moja, nusu ekari, chai imepakana na mahindi na majani ya ng'ombe, na nyumba iko katikati. Mfumo huo wa wakulima wadogo ulitiwa nguvu tangu mwaka 1964, ilipoundwa mamlaka ya kustawisha chai yao, na viwanda kama Kapkoros na Tirgaga huchukua majani kwao. Huko ni vigumu kuchora mandhari tupu hata ukitaka. Kila jani lina mlango wake, kila mlango una moshi wake, na moshi, alhamdulillahi, huchorwa kwa kutochora.

Tulichokuwa tukikitafuta tulikipata pale pale barazani, na aliyekiona ni kijana wetu mdogo. Ilikuwa saa tano asubuhi. Alisema kilima kina rangi mbili. Tukatazama, na kweli. Upande wa kushoto, palipokwisha chumwa tangu alfajiri, machipukizi ya manjano yameondoka na kijani kizito cha chini kimefunuka. Upande wa kulia, pasipofikiwa, bado paling'aa chanikiwiti. Kati ya rangi hizo ulipita mpaka usionyooka, umeingia hapa ukatoka pale, kwa sababu mmoja ana mkono mwepesi na mwingine amesimama kunywesha mtoto maji. Mpaka ule ndio watu. Tulikuwa tumeutazama miaka mitatu tukidhani ni kivuli cha wingu.

Tangu hapo tunachora mpaka. Ni kazi ngumu kuliko ilivyo, kwani husogea; ukianza saa tatu, saa tano umekwisha kuhamia kilima kingine, na lazima mchoraji aseme picha yake ni ya saa ngapi. Tumejifunza pia kuitambua kazi ya mashine. Zinapopita, mpaka hunyooka kama uliopigwa kwa rula, uso wa kilima hulala sawasawa, na baada ya siku mbili kingo za majani yaliyokatwa huwa hudhurungi. Mashine hizo zimechukua nafasi za wachumaji wengi, na mwaka 2023 baadhi yake zilichomwa moto katika maandamano ya wenyeji. Hatuandiki hapa kumtetea mtu. Tunasema tu kwamba watoto wetu sasa wakipita kwa gari husoma vilima: "Huku ni mikono. Huku ni mashine. Huku ni mikono." Na kila mwaka hesabu yao ya mikono imekuwa ikipungua.

Majani hayo hufika kwenu. Kiwandani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa, kisha magunia hupakiwa katika malori na kuteremka zaidi ya kilomita 700 mpaka maghala ya Mombasa, ambako chai ya nchi kadhaa za Afrika hupigwa mnada. Nyingine hufungwa pakiti papa hapa mjini Kericho ikawafikia dukani. Bibi alipoletewa picha ya kwanza yenye mpaka hakuielewa, akauliza kwa nini kilima kimepakwa nusu. Tulimweleza kwa simu, naye alikuwa akisubiri chai yake ya iliki ichemke. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama jirani huyo ana watoto, na wanasoma wapi.

Jirani mwenyewe tulimwonyesha jioni moja, mvua imekatika, akirudi amechoka, aproni ikichuruzika. Safari hii hakuweka kikapu chini mara moja. Alipitisha kidole juu ya mpaka bila kuigusa karatasi, akaenda nao unavyoingia na unavyotoka.

"Hapa ni saa nne," akasema. "Mimi nilikuwa hapa." Akaonyesha mahali mstari ulipotokeza mbele ya mwingine wote. "Na huyu aliyebaki nyuma ni shemeji yangu. Mgongo unamsumbua."

Tukamwuliza kama sasa picha iko sawa. Aliitazama tena, akatikisa kichwa.

"Pale kwa banda hamjaweka benchi. Tunakaa pale tukingoja mizani. Wakati mwingine saa mbili."

Tulisema tumekosa. Alituambia benchi lenyewe ni la ubao wa mkaratusi, mguu mmoja umeoza na umewekewa jiwe. Asubuhi yake tuliamka mapema, tukavuka barabara na kwenda kulitazama, na saa sita benchi lilikuwa limekwisha kauka, jiwe likiwa mahali pake.